Ngazi elfu kumi za Girnar: mlima wa Wahindu ambao kila hadithi yake ni ya ndoa

Mchanga wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna mdau kwenye ule uzi wa Kilimanjaro alisema mlima usio na barafu si mlima. Sikumjibu siku ile kwa sababu magoti yalikuwa bado yanauma. Leo Jumapili, hosteli haina maji, sina pa kwenda. Tuanze.

Nasoma Rajkot, jimbo la Gujarat, India. Ukishuka kusini kama kilomita 100 unakuta mji wa Junagadh, na nje kidogo ya mji kuna Girnar. Ni kundi la vilele, na kile kirefu, cha Gorakhnath, kinapita mita 1,000, ndicho kirefu kuliko vyote Gujarat nzima. Najua mtu wa Lushoto anacheka hapo. Cheka, lakini mlima huu unapandwa kwa ngazi. Ngazi za mawe toka chini hadi kilele cha mwisho, watu husema 9,999, wavivu wa kuhesabu wanasema 10,000. Hizi za sasa zilijengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, na fedha zilipatikana kwa bahati nasibu. Yaani watu walikata tiketi za kamari ili wengine wapate ngazi za kwenda kuomba. Niliposikia hivyo nikajua mlima huu tutaelewana.

Jamaa yangu wa darasani, mwenyeji wa huku, alinishawishi twende Januari wakati wa ubaridi. Basi likatushusha saa nane usiku. Pale chini panaitwa Bhavnath, kuna hekalu la mungu Shiva, na vibanda vya chai havilali. Siku za Mahashivratri, sikukuu ya Shiva, hapo hukusanyika masadhu, yaani watawa wa Kihindu, wasiovaa kitu, wamejipaka majivu mwili mzima, wanatembea kwa maandamano na usiku wa manane wanaoga kwenye kisima kiitwacho Mrigi Kund. Wenyeji wanasimulia kwamba wapo wanaozama humo na wasionekane kutoka. Mimi nilikuta sadhu mmoja tu, anakunywa chai na kuchezea simu.

Kabla ya lango kuna wachukuzi. Wana kiti kidogo kama bembea, kimefungwa kwa kamba kwenye mti mrefu, wanaume wanakuweka mabegani na kupanda nawe. Chombo hicho kinaitwa doli, msicheke, ndiyo jina lake. Bei inategemea uzito, kwa hiyo kuna mizani ya kupimia magunia pale pale, hadharani. Kwa utani nikakaa. Mpimaji akatazama namba, akanitazama mimi, akawaita wenzake waje waone. Namba siisemi. Mmoja wao, mzee mwenye kitambaa kikubwa begani cha kuzuia mti usimchune, akaniuliza neno moja: "Jambur?"

Nikajua ananiuliza jina. Nikamwambia hapana, mimi si Jambur. Wote wakacheka. Jamaa yangu akanieleza kwamba Jambur ni kijiji karibu na msitu wa Gir, wanakaa watu weusi kama mimi, raia wa India, wanaongea Kigujarati safi. Mzee alidhani natoka hapo, nimeamua tu kujifanya sijui lugha ili nipate bei ya mgeni. Ya hao watu tutarudi.

Saa tisa na nusu usiku tukaanza. Kila mtu anabeba fimbo ya mwanzi. Ngazi zimepakwa namba kwa rangi, na hilo ndilo kosa la kwanza la mlima huu, kwa sababu unapumua kama mhunzi halafu unaona 350. Salamu njiani ni "Jai Girnari". Unampita mtu, unasema Jai Girnari. Anakupita yeye, anasema kwa sauti zaidi. Kufikia ngazi ya 1,000 mimi nilikuwa naitikia kwa kunyanyua fimbo tu.

Natafuta chaja, narudi.

binti_lindi

Siti ya mbele kabisa. Hiyo ya mizani imeniua 😂 Usitukimbie bwana, tusije tukapata arosto.

Kibuyu Kitupu

Simba je? Huko Gir si ndiko waliko simba wa Asia?

Mchanga wa Pangani

@Kibuyu Kitupu, ndiko. Msitu unaozunguka Girnar wenyewe ni hifadhi tangu 2008, kilomita za mraba kama 178, na simba wamo. Hesabu ya 2025 kwa eneo lote la Gir na jirani zake ilitoa simba 891, na hao ndio simba wote wa Asia waliobaki porini duniani. Sikuona hata mmoja. Niliona nyani wa uso mweusi na mkia mrefu aliyenipora tango.

Sasa tuingie kwenye kilichonifanya nianzishe uzi.

Kama ngazi ya 2,000 na kitu, bado giza, nilikuwa nimekaa ukingoni naitafuta roho yangu. Wakaja wachukuzi na doli, wakatua karibu nami kupumzika. Ndani yake bibi mmoja wa miaka themanini na ushee, mwembamba, amejifunga shali hadi masikioni. Akanitazama kwa tochi. Nikajua swali la Jambur linakuja. Bibi akasema:

"We kijana watoka wapi? Bara au pwani?"

Wakuu, kwa Kiswahili. Cha Tanga. Giza la Gujarat, ngazi ya 2,000, na mimi nimekata pumzi.

Bibi alizaliwa Tanga, baba yake alikuwa na duka karibu na soko, akaolewa akaletwa Rajkot akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Hajarudi. Kiswahili chake amekihifadhi kama watu wanavyohifadhi vyombo vya harusi: hakijatumika sana, kimekaa na maneno ambayo sisi tumeshayatupa. Aliniita "baba" muda wote. Swali lake la pili, kabla hata ya jina langu, lilikuwa: "Umeoa?"

Nikamwambia bado. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi twende wote. Usikimbize mlima, baba, mlima hauendi popote. Ungekuwa wa kwenda ungekwenda siku ile ya Ranak."

Nikamuuliza siku gani. Hapo ndipo nilipopata mwalimu. Wachukuzi wakinyanyuka natembea kando, wakitua nakaa chini naye anaendelea alipoachia.

Ranakdevi, alisema, alikuwa mtoto wa kuokotwa, akalelewa na mfinyanzi wa vyungu. Akakua na uzuri wa kusumbua watu. Wafalme wawili wakamtaka: Siddharaj wa Patan, mkubwa, mwenye majeshi, na Khengar wa Junagadh, mdogo, mwenye ngome hapo chini. Akaolewa na Khengar. Siddharaj hakusamehe. Akaja na jeshi, akaizingira ngome, na ikaanguka kwa sababu wapwa wa Khengar walimsaliti mjomba wao. Khengar akauawa. Ranak akatolewa nje kama mateka, akainua macho akauona Girnar umesimama vile vile, shwari. Akaukasirikia. Akauambia, mume wangu amekufa na wewe umesimama? Huna haya?

Mlima ukaona haya. Ukaanza kubomoka.

Mawe yakaanza kuporomoka kutoka juu, makubwa kama nyumba, na Ranak alipoyaona yanashuka akaingiwa na huruma, maana mlima ulikuwa ndio kitu pekee kilichobaki cha mume wake. Akanyoosha mkono akasema usianguke, usianguke, tegemeo langu. Mawe yakakwama pale pale yalipokuwa.

Bibi akaelekeza tochi juu. Wakuu, sijui niseme nini. Juu ya njia kuna majabali yameegemea ukingo wa mwamba kwa namna ambayo macho yanakataa. Ukiyatazama unaona kabisa yapo katikati ya kuanguka. Na kwenye mwamba mmoja kando ya ngazi kuna alama za kiganja, zimepakwa nyekundu na maelfu ya mikono iliyopita, na hapo ndipo wanaposema Ranak aliweka mkono. Bibi akawaambia wachukuzi wamsogeze, akaweka kiganja chake. Akakiacha muda kidogo kuliko nilivyotarajia. Sikumuuliza habari za mume wake.

Ranak mwenyewe alichukuliwa na Siddharaj, akakataa kuolewa naye, akajichoma moto mjini Wadhwan. Hiyo sehemu bibi aliisema haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara.

Muumini Halisi

Mkuu pamoja na uandishi mzuri, hizi ni ngano tu. Na wewe mtoto wa Kiislamu au Kikristo unakwenda kupanda kwenye masanamu kutafuta nini? Uliinama au hukuinama?

Mchanga wa Pangani

@Muumini Halisi, swali halali. Nilivua viatu panapovuliwa viatu, nikanyamaza panaponyamaziwa. Kwetu Pangani mgeni akija msikitini anafanya hivyo hivyo na hakuna anayemuuliza amesilimu lini. Halafu kilima cha jirani na Girnar, kinaitwa Datar, juu yake kuna mahali patakatifu pa walii wa Kiislamu, Jamiyal Shah, na Wahindu wanapanda kwenda kumzuru. Hao watu wameshazoeana, sisi tulio mbali ndio tunaowagombanisha.

Shangazi Tabata

Mimi nipo na bibi. UMEOA?

Mchanga wa Pangani

Shangazi, subira. Naendelea.

Karibu na ngazi ya 4,000 kulianza kupambazuka, na ghafla unakuta mji. Si utani, mji wa mawe: mahekalu ya Wajaini yamebanana kwenye ukingo wa mlima, mabomba ya maji ya mvua, nyua, kuba za vigae vya rangi. Wajaini si Wahindu ingawa wanaishi pamoja miaka yote. Wao hawaui hata mdudu, na wana walimu wakuu ishirini na wanne wa kale wanaowaheshimu. Hekalu kubwa hapo ni la mwalimu wa ishirini na mbili, Neminath, na lilijengwa karne ya 12.

Bibi alinisimulia tukinywa maji ya ndimu. (Ndimu chini bei yake ni moja, juu ni nyingine, kwa sababu kila chupa na kila ndimu imepandishwa kwa kichwa cha mtu. Sikubishana.)

Neminath alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme, binamu ya Krishna, yule mungu wa Wahindu. Siku ya harusi yake anakwenda kumchukua bibi harusi, Rajul, msafara wa tembo na ngoma. Akasikia vilio. Akauliza ni nini kile, akaambiwa ni wanyama kwenye zizi, wanasubiri kuchinjwa kwa ajili ya karamu yako. Basi. Akageuza gari. Akavua vito vyote, akapanda Girnar, hakuteremka tena katika maisha ya kawaida. Na Rajul, aliyeachwa na hina mkononi, akasubiri, akaomboleza, mwisho akapanda naye kuwa mtawa. Pango lake unaonyeshwa.

Nikamwambia bibi, huyo Rajul ameonewa. Bibi akacheka mpaka doli ikatikisika. "Hata mimi nilisema hivyo nikiwa mdogo. Mama akanipiga."

Sasa sikilizeni ujanja wa hadithi za huku. Hekalu hilo la bwana harusi aliyekimbia, inasimuliwa lilijengwa na gavana wa nani? Wa Siddharaj. Yule yule wa Ranak. Gavana huyo, Sajjan, aliwekwa kukusanya kodi ya Saurashtra, ndilo eneo hili la Gujarat. Akaitumia yote kujenga hekalu. Mfalme akaja kudai hesabu. Sajjan alikuwa ameshakwenda kwa matajiri wa Kijaini wakamwahidi kurudisha kila senti, kwa hiyo akampeleka mfalme juu, akamwonyesha jengo, akamwambia: chagua, mapato yako yapo tayari kwa ukamilifu, au thawabu ya jengo hili iwe yako. Mfalme akatazama jengo akachagua thawabu. Naomba CAG wetu asisome uzi huu, wakurugenzi wa halmashauri watapata mawazo.

Ngazi elfu moja zaidi, unafika kwa Amba. Huyu ndiye mama mwenye mlima kwa Wahindu walio wengi, mungu wa kike, hekalu lake liko juu ya kilele cha kwanza. Na nani wamejaa hapo? Maharusi wapya! Bwana na bibi wamefungwa pamoja kwa pindo la nguo, wanahema, wameshika nazi na kitambaa chekundu chenye nyuzi za dhahabu, wamekuja kuomba ndoa idumu. Yaani ngazi elfu moja chini yao amekaa bwana harusi aliyekimbia harusi, nao wanampita kwenda kuombea harusi yao. Hakuna anayeona tatizo.

Hapo ndipo akili ilinijia nikamwambia bibi: mbona mlima huu kila hadithi ni ndoa? Akanitazama kama mwalimu anayeona mtoto mzito hatimaye amepata jibu. Akasema na bado sijakuambia ya Subhadra. Katika Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu, kuna mlima unaitwa Raivataka, na watu wa huku wanasema ndio huu. Kulikuwa na sikukuu mlimani, shujaa Arjuna akamwona Subhadra, dada yake Krishna, akampenda. Krishna mwenyewe, kaka wa binti, akamshauri amtoroshe. Akampakia kwenye gari la farasi akaondoka naye. Familia ikachemka, Krishna akawatuliza. Kaka anapanga njama ya kutorosha dada yake!

Mtoto wa Kisutu

Ndugu yangu Mchanga, asante sana kwa uzi. Mimi ni Mhindu wa hapa Dar, wazee wangu walitoka Kathiawar, ndiyo Saurashtra hiyo hiyo. Nyumbani picha ya Girnar iko ukutani tangu nazaliwa na sijawahi kwenda, nimeona aibu kidogo.

Ukifika kilele cha Dattatreya utasikia hii, lakini ngoja niilete mimi kama alivyoisema bibi yangu. Anasuya alikuwa mke wa Atri, na sifa ya uaminifu wake ilifika mbinguni ikawakera wake wa miungu watatu wakubwa, Brahma, Vishnu na Shiva. Wakawatuma waume zao wakamjaribu. Wakaja kama watawa wenye njaa, wakamwambia tutakula, ila utuhudumie bila nguo. Mgeni hafukuzwi, na mume hasalitiwi. Anasuya akawanyunyizia maji, wakawa watoto wachanga watatu. Akawanyonyesha, akawalaza. Wale wake kule juu wakasubiri waume zao hadi wakachoka, wakashuka wenyewe kuomba msamaha. Dattatreya akazaliwa kwa baraka za hao watatu, ndiyo maana picha yake ina vichwa vitatu. Bibi yangu akimaliza alikuwa anasema, "Wanaume wote ni watoto, tofauti ni nani ameshanyunyiziwa maji."

Hiyo nayo ni ndoa. Nadharia yako imesimama.

binti_lindi

@Mtoto wa Kisutu bibi yako apewe mtaa 🙌🙌

Mpiga Msondo

Naomba nirudi kwa Jambur maana mleta uzi amepapita. Hao wanaitwa Wasidi. Ni wazao wa Waafrika waliofika Gujarat kwa karne nyingi, wengine watumwa, wengine askari na mabaharia, wengi kutoka upande wetu huu wa mashariki. Wengi wao ni Waislamu. Lugha imepotea, lakini tazama vilivyobaki: ngoma yao inaitwa goma. Wana ngoma ya kupiga inaitwa musindo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo.

Na mkondo ulikuwa wa pande mbili. Gari, laki, bepari, bangili, kachumbari, hayo maneno yalikuja kwa jahazi kutoka huko huko. Kwa hiyo mzee wa doli kukuita Jambur si tusi hata kidogo.

Mchanga wa Pangani

@Mpiga Msondo hukukosea hata neno. Siku ile niliposhuka nilimtafuta yule mzee nikamwambia kwa Kigujarati changu cha kuazima kwamba mimi si Jambur, ila ni binamu. Akasema bei ni ile ile.

@Mtoto wa Kisutu nakushukuru, umenipunguzia kazi. Nimalizie basi.

Bibi aliishia kwa Amba. Wengi huishia hapo, na tangu Oktoba 2020 huhitaji hata kutembea: kuna vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, zaidi ya kilomita mbili, dakika chache umefika, kama ule mradi waliotangaza kwa Kilimanjaro ukazua kelele. Nilimuuliza kwa nini hakupanda waya. Akasema kwa Amba mtu hapelekwi kama shehena ya bandarini. Wakati huo yuko mabegani mwa wanaume wawili. Nikanyamaza.

Mimi na jamaa yangu tukaendelea. Hapa ndipo Girnar anapokuonyesha ubaya. Unatoka kwa Amba unapanda hadi Gorakhnath, kilele kirefu, upepo unakupiga makofi. Ukidhani umemaliza, ngazi zinashuka. Zinashuka tena na tena, kila moja unajua utairudi, halafu zinapanda wima kwenye jiwe moja lililosimama peke yake kama jino. Hapo juu ndipo kwa Dattatreya. Chumba kidogo, kengele, na nyayo zilizochongwa kwenye mwamba. Watu wanainama wanagusa nyayo wanatoka, nafasi haitoshi kukaa.

Nyayo hizo zina ugomvi. Wahindu wanasema ni za Dattatreya. Wajaini wanasema hapo ndipo Neminath alipofikia ukombozi wake wa mwisho, na nyayo ni zake. Imefika hadi mahakamani, na polisi mmoja alikuwa amekaa hapo kwenye kiti cha plastiki, juu ya mwamba, ngazi zote hizo, ana chupa ya chai. Nilimwonea huruma kuliko mtu yeyote siku ile. Kupanda kwenda kazini!

Chini ya jino hilo kuna njia ya pembeni hadi Kamandal Kund. Wanasema kibuyu cha maji cha Dattatreya kilianguka hapo kikapasuka, kipande kimoja kikatoa maji, kingine moto. Wanatoa chakula bure kwa kila anayefika. Nilikula wali na dengu nikiwa nimekaa chini, mkono unatetemeka, na hadi leo sijala chakula kitamu kama kile. Huenda dengu lilikuwa la kawaida.

Kushuka sielezi. Aliyeshuka ngazi 10,000 anajua, asiyeshuka hataelewa. Siku mbili nilikuwa nashuka ngazi za hosteli kinyumenyume.

Ila wakati wa kurudi mjini tulisimama sehemu moja nisiyotaka kuiruka. Barabarani kati ya mlima na Junagadh kuna jabali kubwa limejengewa nyumba. Juu yake mfalme Ashoka aliandikisha amri zake karne ya tatu kabla ya Kristo, kumi na nne, kwa herufi ndogo ndogo kama chungu wamepita kwenye udongo mbichi. Wafalme wengine wawili wa baadaye nao wakaandika kwenye jabali hilo hilo. Mmoja wao, Rudradaman, anasimulia jinsi bwawa la hapo lilivyobomolewa na dhoruba na yeye akalijenga upya. Ni ubao wa matangazo uliotumika miaka mia saba.

Jamaa yangu akanisomea tafsiri ya amri ya kwanza. Ashoka anasema zamani jikoni kwake walichinjwa wanyama malaki kwa ajili ya mchuzi, sasa wanachinjwa watatu tu, tausi wawili na swala mmoja, na hata huyo swala si kila siku, na mbele ya safari hata hao watatu hawatachinjwa. Nikamkumbuka Neminath na zizi lake. Hadithi ya mtu na agizo la mfalme, vyote chini ya mlima mmoja, vyote vinazungumzia kitoweo. Na nilichokipenda ni ile "si kila siku". Mfalme wa karibu India yote, anatangaza kwenye jiwe kwamba swala bado anamshinda.

Kibuyu Kitupu

Mkuu hapo kwa swala nimejiona mimi na kitimoto 😂

Mtoto wa Kisutu

Nimempigia mama. Amesema Novemba baada ya Diwali kuna mzunguko wa kuuzunguka mlima kwa miguu, msituni, kama kilomita 36, watu malaki kwa malaki. Anasema alifanya akiwa na miaka kumi na saba. Miaka yote hii hakuwahi kuniambia.

Shangazi Tabata

Yote tumesoma. Swali langu halijajibiwa.

Mchanga wa Pangani

Shangazi, sijaoa.

Bibi tulipoagana kwa Amba alikuwa amenunua vitambaa vyekundu viwili badala ya kimoja. Vyote viwili akavipeleka ndani kwa mama, vikarudi vimebarikiwa. Kimoja akajifunga kichwani. Cha pili akanipa mimi. Nikamwambia bibi, hiki ni cha mwanamke. Akasema, "Najua, baba. Mpelekee." Nikasema sina wa kumpelekea. Akawaashiria wachukuzi wamnyanyue, akasema kwa sauti, wakiwa wameshaanza kushuka, "Si ndiyo maana nimekununulia?"

Kiko hapa hosteli. Mwenzangu wa chumbani alikuwa amefunikia jiko la umeme la kupikia wali, nimekitoa leo wakati naandika uzi huu.